Maswali ya Wasomaji: Kabla Hujasaini Mkataba wa Timu ya Chia

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wazazi walioko Marekani ambao watoto wao wameingia, au wanataka kuingia, timu za chialidingi za mashindano, mchezo wa sarakasi, kubebana na kucheza muziki ambao watoto wenyewe huuita chia tu. Tunazungumzia timu za klabu za binafsi, zile za All Star, si timu za shule zinazoshangilia mpira Ijumaa usiku. Timu hizi hupangwa kwa madaraja, kuanzia la 1 kwenda juu kadiri mitindo inavyokuwa migumu. Bei, sheria na hatari za pande hizo mbili hazifanani, na wazazi wengi hujua hivyo wakiwa wameshalipa.

Binti yangu ana miaka 9. Amefanya majaribio kwenye klabu moja hapa kwetu akachaguliwa timu ya daraja la 2. Tumeambiwa ada ni dola 200 kwa mwezi, na mume wangu anasema tunaimudu. Rafiki yangu aliyewahi kupita huko anasema nisithubutu. Nimsikilize nani?
*Mama wa watoto watatu, Columbus, Ohio*

Dada, kwenye hesabu msikilize rafiki yako, hata kama kwenye uamuzi mtafuata njia yenu. Ada ya mwezi ndiyo inayotangazwa, lakini si yote. Kaeni wewe na mzee mpige hesabu ya msimu mzima, tangu majaribio ya mwezi wa Mei hadi mashindano ya Aprili inayofuata. Tarakimu tunazotoa ni mfano wa timu ya kiwango cha kati. Mkipata za klabu yenu, ziwekeni mahali pake.

Ada ya dola 200 kwa miezi 12 ni 2,400. Sare ya mashindano, ile yenye vito vya kumetameta, 450; na mtoto wa miaka 9 anarefuka, kwa hiyo msitegemee aivae misimu miwili hata kama klabu haitabadilisha mtindo. Viatu vyeupe 100. Nguo za mazoezi, koti na begi la timu 250. Mtunzi wa onyesho huletwa kwa siku mbili tatu kabla ya msimu, na muziki hutengenezwa upya kwa ajili ya timu. Fungu lenu hapo ni 350. Mashindano saba, kila moja dola 110, ni 770. Uandikishaji wa klabu pamoja na uanachama wa USASF, shirikisho linalosimamia timu hizi tangu 2003, 100. Mchango wa nauli na malazi ya makocha, 150. Mmeshafika dola 4,570 na gari halijatoka nyumbani.

Sasa safari. Tuseme mashindano matatu kati ya hayo saba ni ya mbali. Hoteli usiku mbili pamoja na kodi zake, 380. Tiketi za mlangoni kwa wazazi wawili kwa siku mbili, dola 35 kwa kila mtu kila siku, 140. Mafuta na chakula, 200. Ni 720 kwa safari moja, 2,160 kwa zote tatu. Mashindano manne ya karibu, tuseme ya siku moja moja, yatadai tiketi tu, 280. Jumla ya msimu: dola 7,010. Ada mliyotajiwa ni kama theluthi yake. Na ndiyo, mzazi hulipa kiingilio kumwangalia mtoto wake mwenyewe. Shangazi na wadogo zake mkija nao, nao wahesabiwe.

Kuna mambo mawili yanayozibana familia zetu kuliko wengine. La kwanza ni hoteli. Mashindano mengi makubwa ya siku mbili yana masharti kwamba timu kutoka mbali lazima zilale kwenye hoteli zilizoorodheshwa na mwandaaji, na nafasi ziwekwe kupitia kwake. Sisi tumezoea kwamba ukienda Dallas au Atlanta unafikia kwa ndugu. Ukifanya hivyo bila kibali, timu nzima inaweza kupigwa faini au kukataliwa kucheza, na wazazi wenzako watakuja juu. Mwombe meneja wa klabu, kwa maandishi na miezi kadhaa kabla, akuulizie kama mashindano hayo yanaruhusu familia kulala kwa jamaa. Mengine huruhusu, mengine la.

La pili ni mwaliko wa fainali. Katikati ya msimu timu hushindania nafasi za kwenda Orlando, Florida: Worlds mwishoni mwa Aprili kwa timu za daraja la juu, na The Summit mwanzoni mwa Mei kwa nyingine. Mtoto atakuja mbio na furaha, "Tumepata!" Ulizeni hapo hapo: mwaliko huo ni wa kulipiwa au wa kujilipia? Wa kulipiwa hubeba gharama za timu, zote au sehemu. Wa kujilipia ni ruhusa tu ya kushiriki, na nauli ya ndege, malazi ya usiku nne, chakula na tiketi kwa mtoto na mzazi mmoja huweza kuvuka dola 2,000 kwa urahisi. Mialiko ya kujilipia ndiyo mingi. Kwa hiyo amueni leo, wakati hakuna mtu anayelia, kama mtakwenda au hamtakwenda, na mwambieni mtoto uamuzi huo kabla msimu haujaanza.

Kwa nini bei ziko juu hivi? Kampuni moja, Varsity Spirit, iliyoanzishwa mwaka 1974 na yenye makao yake Memphis, Tennessee, kwa miaka mingi imekuwa ikiandaa mashindano makubwa, ikiuza sare na kuendesha kambi, yote kwa pamoja. Kuanzia 2020 klabu na wazazi waliishtaki kampuni hiyo kwenye mahakama ya serikali kuu ya Marekani wakidai kwamba imeua ushindani na kupandisha bei. Kesi mbili zilimalizwa kwa makubaliano, moja ya dola milioni 43.5 mwaka 2023 na nyingine ya dola milioni 82.5 mwaka 2024. Kampuni imekana kosa.

Kabla ya kusaini, dai karatasi moja yenye kila malipo ya msimu, tarehe yake, na kama yanarudishwa. Klabu nzuri inayo tayari. Ikikuambia "mengine tutawajulisha mbele ya safari", rudi nyumbani ufikiri. Uliza pia kama wana timu za Prep au Novice. Hizo zina msimu mfupi, safari chache na sare ya bei nafuu, na kwa mtoto wa miaka 9 anayeanza tunaona ndiko mahali pake hasa, hata kama fedha ipo.

Na jambo moja la kushikilia, kwa sababu litarudi kwenye majibu mengine: kinachoua bajeti na kinachoumiza watoto kwa kawaida ni kimoja, haraka ya kupanda daraja. Mtoto akiwekwa timu inayomzidi uwezo, utaambiwa achukue masomo ya peke yake, ambayo nusu saa moja inaweza kufika dola 40. Mara moja kwa wiki ni zaidi ya 1,600 kwa miezi kumi, juu ya zile 7,010. Na huyo huyo ndiye atakayejaribu kitu ambacho mgongo na vifundo vyake vya mikono bado havijakiweza.

Nimetumiwa video ya mjukuu wangu aliyeko Atlanta. Kavaa kinguo kifupi, uso umepakwa rangi kama bi harusi, na wenzake wanamrusha hewani. Mwanangu anasema ni mchezo. Huu ni mchezo gani?
*Bibi, Tanga*

Shikamoo Bibi. Ni mchezo kweli, na ni mgumu. Onyesho zima ni dakika mbili na nusu. Ndani yake kuna sarakasi za sakafuni, kuruka, kucheza muziki, na kubebana: wawili watatu wanamnyanyua mwenzao asimame juu ya viganja vyao, au wanamrusha na kumdaka. Waamuzi hutoa alama kwa ugumu na kwa usafi wa utekelezaji, na akianguka alama hukatwa. Ndiyo maana mtoto anafanya mazoezi mara mbili tatu kwa wiki.

Kuhusu mavazi, wasiwasi wako una mahali pa kusemewa, na wakati wake ni kabla sare haijaagizwa. Zipo sare zinazofunika tumbo, na klabu nyingi hukubali nguo ya ndani ya kubana yenye mikono mirefu na suruali ya kubana chini ya sketi, mradi iwe ya rangi iliyokubaliwa na isiteleze mikononi mwa wanaombeba. Kwa binti wa Kiislamu, hijabu ya michezo isiyo na pini yoyote iulizwe kwa maandishi kwa klabu na kwa mwandaaji wa mashindano mapema, asije akazuiwa pembeni ya jukwaa. Kuhusu rangi za usoni, mwambie mwanao aiulize klabu kama ni lazima kwa umri wa mjukuu wako. Sisi hatuoni sababu ya mtoto wa miaka saba kubandikwa kope.

Binti yangu, miaka 12, ndiye anayebebwa juu kwenye timu yake. Jumanne alianguka mazoezini akagonga kisogo kwenye goti la mwenzake. Kocha alimpa maji, akapumzika dakika kumi, akaendelea. Jumatano aliamka na maumivu ya kichwa na mwanga unamuumiza macho. Mashindano ni Jumamosi. Kocha anasema akinywa dawa ya maumivu atakuwa sawa.
*Baba, Houston, Texas*

Asishiriki Jumamosi. Tunaanza hapo kwa sababu siku zimebaki chache.

Maumivu ya kichwa na kuchukia mwanga baada ya kugongwa ni dalili za mtikisiko wa ubongo mpaka daktari aseme vinginevyo. Alipogongwa kichwa alipaswa kutolewa mazoezini siku ile ile na kutorudi kabla ya kupimwa. Mpeleke kwa daktari wake leo. Ukiona lolote kati ya haya, usisubiri miadi, piga 911: maumivu yanayozidi kuongezeka, kutapika mara kwa mara, degedege, maneno kuvurugika, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, ganzi au udhaifu wa mkono au mguu, usingizi mzito usioamshika. Dawa ya maumivu aichukue kwa ushauri wa daktari tu, kamwe si ili aweze kucheza, maana itaficha dalili unazotakiwa kuziona.

Sababu ya ukali wetu ni hii. Ubongo ambao haujapona ukigongwa mara ya pili huchukua muda mrefu zaidi kupona, na kwa watoto, mara chache sana, pigo hilo la pili husababisha uvimbe wa ubongo unaoweza kuua. Na mtoto mwenye kizunguzungu akiwa juu ya mikono ya wenzake hawezi kukaza mwili. Ataanguka tena, safari hii pengine kwa shingo, na walio chini yake wataumia pamoja naye.

Kurudi kuna ngazi zake. Kwanza arudi shule na maisha ya kawaida bila dalili. Kisha kutembea haraka au baiskeli ya ndani. Kisha kukimbia na kuruka, bila kupinduka. Kisha sarakasi nyepesi na kucheza, bila kubebwa. Kisha, kwa kibali cha daktari kilichoandikwa, mazoezi kamili pamoja na kubebwa, kuanzia chini kwenda juu. Mwisho ndiyo mashindano. Kila ngazi angalau saa 24. Dalili zikirudi, anashuka ngazi moja na kusubiri. Hata mambo yakienda vizuri, hiyo ni wiki moja au zaidi baada ya dalili kuisha. Majimbo yote 50 yana sheria za mtikisiko wa ubongo kwa wanamichezo wa shule, lakini klabu ya binafsi si lazima ibanwe na sheria hiyo kila mahali, kwa hiyo uliza utaratibu wao ulioandikwa. Ikiwa hawana, hilo ni jibu tosha.

Tusitie chumvi kuhusu mchezo wenyewe. Utafiti wa wanafunzi wa sekondari Marekani uliochapishwa mwaka 2016 uliweka chialidingi nafasi ya 18 kati ya michezo 22 kwa wingi wa majeraha. Lakini ndani ya majeraha hayo, karibu asilimia 31 yalikuwa mitikisiko ya ubongo, na zaidi ya nusu ya majeraha yote yalitokea kwenye kubebana. Yaani wanaumia mara chache kuliko wengi, ila wakiumia kichwa kimo hatarini. Na wanaobeba hugongwa kama anayebebwa: kiwiko usoni, kisigino puani. Mtikisiko wa ubongo pia hutokea zaidi mazoezini kuliko kwenye mashindano, ndiyo maana ukumbi wa mazoezi ndio wa kukaguliwa.

Nenda ukae saa moja bila taarifa. Tazama kama mtindo mpya unajaribiwa kwanza kwenye magodoro mazito, na mwenzao wa nyuma, yule anayelinda kichwa na shingo, yupo kila mara. Tazama kama kocha anasimama karibu ya kudaka au yuko kwenye simu. Tazama pia kama wanarudia mwishoni mwa saa ya tatu wakati mikono inatetemeka. Uchovu huangusha watoto wengi. Mwanao akibadilishiwa wabebaji wiki ya mashindano kwa sababu mmoja ameumwa, una haki ya kusema mtindo ushushwe uwe rahisi. Nyumbani, asibebwe na wenzake uani wala gereji. Simenti haisamehi.

Mengine huja polepole. Maumivu ya kiuno yanayozidi akijipinda nyuma, yakipita wiki mbili tatu, yapigwe picha, maana yanaweza kuwa ufa kwenye mfupa wa uti wa mgongo. Maumivu ya kifundo cha mkono kwa anayejipindua kila siku yanaweza kuwa kwenye sehemu ya mfupa inayokua. Na kwa kuwa binti yako ndiye anayebebwa, sikiliza kama anaambiwa apungue uzito. Kocha anayewapima watoto kilo mbele ya wenzao asingekaa na mtoto wetu hata siku moja.

Bima nayo: ya klabu, ikiwepo, kwa kawaida hulipa baada ya yenu. Kama watoto wako kwenye Medicaid au CHIP, bima za afya za serikali kwa familia za kipato kidogo, piga simu kabla ya safari ya jimbo jingine, kwani huko kwa kawaida hulipwa dharura tu. Na hospitalini omba mkalimani wa Kiswahili kama unahitaji. Ni bure, na mtoto mwenyewe asifanywe mkalimani wa habari za kichwa chake.

Namlea mtoto wa dada yangu, ana miaka 14. Nimeona kwenye simu yake ujumbe wa kocha wake usiku: anamsifia mwili, anamwambia afute baada ya kusoma. Wakubwa wa familia wanasema tumtoe tu timu, tusijitie aibu. Nifanye nini?
*Mama mdogo, Minneapolis, Minnesota*

Mtoe, lakini usiishie hapo. Mtu mzima anayemwambia mtoto afute ujumbe anajua anachofanya, na ukinyamaza atabaki na watoto wengine ishirini.

Usifute chochote. Piga picha ya kila ujumbe kwa simu nyingine, jina la akaunti na saa zionekane, kisha simu ya mtoto ihifadhiwe. Usimkabili kocha wala kumwandikia, asije akafuta vya kwake na kutunga maelezo. Piga simu polisi na idara ya ulinzi wa watoto ya kaunti yenu. Kisha toa taarifa kwa U.S. Center for SafeSport, kituo kinachoshughulikia unyanyasaji michezoni, na kwa USASF kupitia tovuti zao. Kwa mwenye klabu iwe baada ya hapo, kwa maandishi. Usimhoji mtoto maswali mengi, waachie waliofunzwa. Mwambie tu kwamba hajakosa, na kwamba simu haikuchukuliwa kama adhabu.

Sheria za kulinda watoto katika michezo ni wazi. Kocha hakai peke yake na mtoto mahali wasipoonekana, na ujumbe wowote kwa mtoto lazima mzazi au mtu mzima mwingine awemo. Sheria ya serikali kuu iliyopitishwa mwaka 2018 inawataka watu wazima wanaohusika na michezo inayoguswa na sheria hiyo kutoa taarifa za kushuku unyanyasaji ndani ya saa 24. Lakini sheria bila mzazi anayeangalia haitoshi: mwaka 2020 gazeti la USA TODAY liligundua watu wapatao 180 wa mchezo huu waliowahi kushtakiwa kwa makosa ya kingono dhidi ya watoto, na majina yao hayakuwemo kwenye orodha ya mchezo huu ya waliofungiwa wakati waandishi walipoanza kuuliza. Kwa hiyo orodha hiyo isomwe, lakini jina kutokuwemo si cheti cha usafi.

Kama mnaogopa kwa sababu ya karatasi za uhamiaji, zungumza na wakili wa uhamiaji. Ipo viza ya U kwa waathirika wa makosa fulani, yakiwemo ya kingono, wanaosaidia vyombo vya sheria. Aibu ni ya aliyeandika ujumbe ule, na wakubwa wa familia waambiwe hivyo kwa heshima.

Nimepoteza kazi mwezi wa Januari. Klabu inaendelea kukata fedha benki na inasema mkataba ni hadi Mei. Naweza kujitoa?
*Baba wa mapacha, Phoenix, Arizona*

Unaweza kujitoa, ila huenda ukadaiwa. Soma kipengele cha kuacha: mara nyingi kinataka notisi ya siku 30 kwa maandishi na ada ya kuvunja mkataba. Ada hiyo ina sababu yake, kwani mtoto mmoja akitoka kwenye mnara wa kubebana, onyesho hupangwa upya na wenzake wote hujifunza upya. Andika barua pepe leo, taja tarehe ya mwisho, omba kupunguziwa au kulipa kidogo kidogo, na jitolee mapacha wamalize mashindano yaliyokwisha kulipiwa. Wenye klabu wengi hukubali, maana wanapendelea timu kamili kuliko kesi.

Kwa makato ya moja kwa moja kutoka akaunti, sheria inakuruhusu kuyasimamisha: ijulishe benki angalau siku tatu za kazi kabla ya tarehe ya makato, na iandikie klabu kwamba umeondoa idhini. Hilo linazuia makato tu, deni halifutiki, na linaweza kupelekwa kwa wakusanya madeni. Kwa hiyo zungumza kwanza, zuia baadaye.

Kamati ya wazazi inachangisha kwa kuuza chakula. Kila familia inaandikiwa pointi kwa ilichouza, na pointi zinapunguza ada ya mtoto wake. Mtu kaniambia ni kosa. Kweli?
*Mweka hazina, Louisville, Kentucky*

Kweli, ikiwa kamati yenu imesajiliwa kama shirika la hisani lisilolipa kodi. Mwaka 2013 mahakama ya kodi ya Marekani ilikubali kwamba kamati moja ya wazazi wa jimnastiki huko Virginia, Capital Gymnastics Booster Club, ilistahili kufutiwa hadhi hiyo kwa sababu hiyo hiyo: fedha zilizochangishwa zilienda kwa watoto wa waliouza, kwa kadiri ya walichouza. Fedha za hisani ziingie kapu moja, zigawiwe sawa au kwa kuangalia uhitaji, bila kujali nani aliuza sambusa nyingi. Ukitaka kumchangishia mwanao peke yake kwa ndugu na jamaa, fanya harambee yako mwenyewe, usipitishe kwenye akaunti ya kamati, na usiwaambie wachangiaji kwamba mchango huo utawapunguzia kodi.

Kocha anasema mwanangu akifika daraja la 6 atapata ufadhili wa chuo. Ni kweli?
*Mama, Dallas, Texas*

Usiweke fedha kwa ahadi hiyo. NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo Marekani, haiihesabu chialidingi kuwa mchezo rasmi wa chuo, na mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya serikali kuu, katika kesi ya Chuo Kikuu cha Quinnipiac, ilikataa chia ya mashindano ihesabiwe kuwa mchezo wa vyuo chini ya sheria ya usawa wa kijinsia, kwa jinsi ilivyokuwa wakati ule. Vyuo kadhaa hutoa ufadhili kwa timu zao za chia, lakini mara nyingi ni sehemu ndogo ya ada. Mwenye ujuzi huo aangalie pia michezo miwili ya karibu ambayo NCAA imeiingiza kwenye mpango wake wa michezo ya wanawake: sarakasi za timu, tangu 2020, na STUNT, mchezo uliotokana na chia. Dola 7,000 kwa mwaka kwa miaka minane ni 56,000. Kama lengo ni chuo, ziwekeni kwenye akaunti ya chuo.

Mwanangu amesuka nywele na shanga, na nataka kumtoboa masikio. Klabu itakataa?
*Mama, Portland, Maine*

Misuko yenyewe haina shida. Shanga ngumu zitolewe, maana kichwa kikishuka kwa kasi humpiga mwenzake machoni. Msuko uwe wa kufungika juu bila kuvuta kingo za nywele. Kubanwa kwa jeli kila wikendi kwa miezi sita hunyofoa nywele za mbele, kwa hiyo ombeni kibanio cha nywele bandia kwa siku ya mashindano tu. Vito vya mwilini haviruhusiwi, hereni zikiwemo, na kuzifunika kwa plasta hakukubaliki. Kitambulisho cha kitabibu tu ndicho huruhusiwa. Masikio mapya hayatakiwi kukaa bila hereni kwa wiki sita hivi, kwa hiyo mtoboe wiki ile msimu unapoisha, kabla mazoezi ya kiangazi hayajaanza.